Chozi Juu ya Tawi

Kila msimu wa joto ulipoingia, fundi yule wa vitanda na makabati alikuwa na jambo lililowachekesha majirani. Jumapili asubuhi, wenzake wakigeukia upande wa pili kitandani, yeye alijitundika darubini shingoni, akampitia rafiki yake kinyozi, wakaenda kwenye vichaka vya nyuma ya tangi la maji kusikiliza ndege. Kusikiliza hasa, maana kwenye majani mazito macho hayana kazi mpaka sikio lionyeshe njia. Huyu chiriku, yule kurumbiza, yule mwenye sauti nyembamba ni chozi, wale wenye fujo ni shore.

Mwaka mmoja, katika matembezi ya kwanza tu, kinyozi akasimama ghafla. "Msikilize chozi huyo! Yuko juu yetu kabisa."

Fundi akainua uso. Aliona majani. Hakusikia kitu.

"Namsikia," akasema.

Jumapili iliyofuata akadanganya tena. Baada ya hapo akasingizia mgongo, kisha hata kusingizia akaacha, akawa analala tu akitazama dari.

Mkewe, mwenye kibanda cha nyuzi na vifungo, hakuwa mtu wa kupitwa na jambo.

"Mmegombana na kinyozi?"

"Hatujagombana."

"Basi nini? Umenuna kama umefiwa."

Fundi akageukia ukutani ndipo akaweza kusema. "Sauti nyembamba sizipati tena, mama watoto. Nene nazisikia. Lakini vile vindege vidogo naona mdomo unafunguka, basi."

Daktari wa masikio hakuzungusha maneno: ni msumeno wa umeme, miaka yote ile bila kuziba masikio. Kilichopotea hakirudi, akilinde kilichobaki.

Walipofika mlangoni kwao, mkewe, anayeongea mpaka na sufuria zake, akasema tu, "Jumapili tunakwenda wote."

"Wewe? Hujui tofauti ya chiriku na jogoo."

"Jogoo namjua. Si ndiye namchinja?"

Wakaenda. Mama watoto alivaa viatu vya kutokea, vikalowa umande, akalalamika mpaka wakafika. Mara akanyanyua kidole. "Kuna kimoja. Kinalia kama kitasa kisichotiwa mafuta."

"Sauti inapanda au inashuka?"

"Inapanda, inakatika, inaanza tena mbiombio. Kina kiherehere hicho!"

"Upande gani?"

Akamshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, kama anayempangusa mtoto uso, akakielekeza. Fundi akainua darubini. Juu ya tawi, mdomo umepinda, kifua chekundu kinametameta, koo linatetemeka kimya kimya.

"Chozi," akasema, akashusha darubini, jicho limemlowa.

Mkewe akamtazama usoni. "Naliona, baba."

"Ndege, mwanamke! Ndege ndiye anaitwa chozi!"

Wakacheka mpaka ndege mwenyewe akaruka.

Kinyozi alipoambiwa ukweli, akashusha pumzi. "Nilijua. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Siku hizi wanakwenda watatu. Kiwandani fundi anaziba masikio, mteja akitaka kuongea naye sharti amguse bega. Na vichakani, mama watoto na kinyozi hawaishi kubishana: huyo ni chiriku, siyo, yuko mti ule, hapana, huu. Fundi anakaa juu ya jiwe, darubini mkononi, akingoja wapatane.