Siku Niliposhinda Mdahalo wa Kujitoa

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi hapa Mpanda, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, nilisimama kwenye ukumbi uliojaa watu nikawachekesha mpaka wengine wakashika mbavu. Wazee wachache waliobaki bado wananisifia siku ile. Mimi siikumbuki kwa sifa. Kaa hapo, mwanangu, nikueleze, maana nasikia nyie vijana mna mjadala wenu, na maneno yenu nayajua. Niliyasema mimi kabla mama zenu hawajazaliwa.

Mnabishana kama nchi yetu ijitoe kwenye jumuiya ya nchi jirani au ibaki. Mnabishana vijiweni kwa bodaboda, mnabishana kwenye makundi ya simu, hata mkitoka misa mnasimama nje kubishana. Juzi kijana mmoja mkulima wa mahindi kutoka Magamba alikuja hapa kwangu Kakese. Mzigo wake ulizuiwa mpakani siku tisa, mvua ikaunyeshea, mahindi yakaota humo humo kwenye magunia. Ana hasira, na hasira yake ni ya haki. Wiki ijayo atasimama ukumbini kuitetea hoja ya kutoka, akataka nimfundishe kusema, kwa kuwa aliambiwa bibi huyu zamani alikuwa bingwa. Nilimweleza haya ninayokueleza wewe.

Baba yangu, Mkonongo wa hapa hapa, alikuwa nyapara wa gengi, yaani kikosi cha kutunza njia ya reli. Enzi hizo nchi tatu jirani, yetu ikiwamo, zilikuwa na jumuiya yao ya kwanza, na reli ilikuwa yao kwa pamoja. Ndiyo maana kwenye nyumba za reli, ukuta mmoja na sisi, aliishi Mzee Odera, Mjaluo kutoka Kenya, dereva wa treni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye kila aliporudi safari alipitia kwetu kwanza kumsalimu baba kabla hajafungua mlango wake. Mtoto wake wa kwanza, Owino, alizaliwa Tabora akakulia hapa, na Kikonongo alikiongea kuliko sisi wenyewe. Yeye alikuwa fundi wa mabehewa. Huyo Owino ndiye aliyemuoa dada yangu Veronika, na siku ninayoisimulia ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja.

Wakati huo redio ilikuwa inaleta habari za wakubwa wa nchi hizo tatu kutoelewana. Mabakuli yakikaa pamoja hayaachi kugongana, lakini haya sasa yalikuwa yanapasuka. Ukaandaliwa mdahalo mjini, hoja ikiwa hiyo hiyo yenu ya leo: tutoke au tubaki. Mwalimu wangu wa zamani akanichagua kusema upande wa kutoka, kwa sababu nilikuwa na ulimi.

Nilijiandaa wiki nzima, mwanangu, na sikusema uongo. Nilisema kwamba vyeo vikubwa vya reli vilikuwa kwa wageni. Nilisema vipuri vilikuwa vinabaki kwa jirani, sisi huku mwisho wa njia tunaletewa mabehewa yaliyochoka. Yalikuwa kweli hayo, au kweli kiasi cha kutosha. Nusu ya ukweli ina hatari kuliko uongo mtupu, kwa sababu uongo mtu anaweza kuukamata.

Kisha nikaona watu wanaanza kusinzia. Ndipo nikaitafuta ile sentensi ambayo nimeishi nayo mpaka uzee huu. Nikasema, "Wazee wetu walituambia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tumempa mgeni treni, jembe tumebaki nalo wenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipiga miguu chini. Nikatazama mstari wa tatu, na pale alikuwa amekaa Mzee Odera, dereva pekee wa treni mle ndani, karibu na baba. Watu walikuwa wanageuka kumtazama yeye. Naye alitabasamu, akapiga makofi. Hakupiga ya kejeli. Alipiga makofi kama mtu anayempongeza mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani. Baba hakupiga. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mikono ikahesabiwa, upande wa kutoka ukashinda kwa mbali. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebebwa na sifa, nikampita dada Veronika uani anafua, sikumsimulia. Sijui hata leo kwa nini sikumsimulia. Nadhani moyo ulishajua kitu ambacho kichwa kilikuwa bado hakijakubali.

Haikupita miezi mingi, jumuiya ile ikavunjika kweli. Mdahalo wetu haukuivunja, hilo nalijua. Ilivunjwa mbali huko, na watu ambao hawakuwa wamewahi kusikia jina la Mpanda. Lakini ilipovunjika, iliwaangukia watu wa ukuta wetu. Wafanyakazi wa reli wakaambiwa kila mmoja arudi kwao. Mzee Odera akaambiwa, na Owino akaambiwa, yule wa Tabora na Kikonongo chake. Kwao kwa Owino ilikuwa ni mahali alipowahi kufika mara mbili tu, kwenda kuzika.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama alimwambia abaki ajifungulie nyumbani, mumewe akishatulia huko atamfuata. Veronika akasema hapana, mume wake hajafukuzwa peke yake, wamefukuzwa wote wawili. Mama hakurudia tena kumwambia. Alikwenda kumfungia asali na karanga.

Siku wanafungasha, nilishindwa kukaa ndani. Nikaenda kwa Mzee Odera, nikamkuta anafunga kitanda kwa kamba, nikapiga magoti nikamwomba anisamehe kwa maneno yangu ya ukumbini. Alikaa juu ya sanduku. Hakuwa na haraka, ingawa treni ilikuwa ya asubuhi ile.

"Ana, binti yangu," aliniambia, "maneno yako hayakuvunja jumuiya. Usijipe ukubwa huo. Na mengi uliyosema, hata mimi nimeyalalamikia miaka yote, kwa sababu behewa bovu linamuumiza dereva kabla ya mtu mwingine. Lakini uliwachekesha. Mtu akishacheka anadhani ameshaelewa, hafikiri tena."

Akaniinua, akaniambia nikamsaidie mkewe kufunga vyombo.

Stesheni tulikwenda wote. Baba alitembea mbele na sanduku la Veronika kichwani, akakataa kusaidiwa. Treni ilipoondoka alibaki amesimama palepale na macho yake kwenye reli, njia aliyoitunza yeye mwenyewe kwa mikono yake, sasa inambebea mwanawe. Tulipokuwa tunarudi ndipo aliposema nami. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, hivyo nilisimama.

"Anastazia, siku ile ulieleza vizuri sana kwa nini tutoke," alisema. "Nilikaa nasubiri useme tukishatoka, kesho yake inakuwaje. Hukusema."

Basi. Hakuniongelea tena habari hiyo maisha yake yote, na maisha yake hayakuwa marefu. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Barua zikawa zinazunguka kama mbuzi aliyekata kamba, zinapitia kwa huyu na yule, zinafika zimechoka. Kwa barua tulijua Veronika amejifungua mtoto wa kiume, na tayari mtoto alishaota meno. Baba alipofariki mwaka wa tatu, sisi tulimzika, tukaanua matanga, tukavuna, tukapanda tena, ndipo barua ya msiba ikamfikia binti yake. Aliandika kuuliza kama baba anaendelea vizuri na kifua, na barua yake ikapishana na yetu njiani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nauimba msemo huo shuleni bila kuuelewa. Nilikuja kuuelewa siku ule mpaka wa nchi ulipofunguliwa, Veronika akaja na mtoto wake wa miaka sita. Mama yangu alikuwa amesimama barabarani tangu asubuhi. Akapanua mikono, na mjukuu wake akakimbia kujificha nyuma ya sketi ya mama yake, akilia kwa Kijaluo. Mama hakujua anasema nini. Ilibidi binti yake amtafsirie maneno ya mjukuu wake wa kwanza, kwamba anasema anamuogopa huyu mzee.

Mama alicheka, akaketi chini vumbini pale pale, akaanza kumenya karanga za kuchemsha bila kumwangalia mtoto. Ilichukua siku tatu. Siku ya tatu alikuja mwenyewe akakaa mapajani mwake, na leo mtoto yule ni mtu mzima mwenye wajukuu, analeta bidhaa Mpanda kila kiangazi na Kikonongo anajua cha kutosha kunitania. Mungu alitupatanisha. Lakini mama hakuwahi kunilaumu, na nilitamani anilaumu.

Sasa usinielewe vibaya, mwanangu. Sikusimulii ili ukae kimya. Kuna mema pia yaliyotokea. Vijana wetu walipanda kwenye vyeo vile, wakajifunza kuendesha treni, na waliziendesha vizuri. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Na kuna mabaya ambayo sikuyawaza hata kidogo, maana vipuri nilivyosema vinabaki kwa jirani, baada ya hapo havikuja kabisa, na kuna wiki tulisubiri treni kama watu wanavyosubiri mvua. Mtu aliyekuambia kutoka ni neema tupu anakudanganya, na aliyekuambia kubaki hakuna maumivu naye anakudanganya.

Yule kijana wa Magamba aliponisikiliza mpaka hapa, aliniuliza kwa heshima tu, "Sasa bibi, mahindi yangu yaliyooza je? Nikae nayo?"

Nikamwambia hapana. Asimame ukumbini, aseme mahindi yake yalioza, aseme siku ngapi, aseme nani alimzuia na kwa karatasi gani. Hayo ni malalamiko, na malalamiko ndiyo yanayotengeneza jumuiya. Lakini ile sentensi tamu aliyokuwa ameiandaa juu ya majirani zetu, ambayo alinisomea kwenye simu na mimi mwenyewe nikakaribia kucheka, hiyo aifute. Akaitazama kidogo simu yake. Sijui kama aliifuta. Lakini aliondoka anatembea taratibu kuliko alivyokuja.

Basi shika haya, mwanangu, kutoka kwa mtu aliyewahi kushinda. Ukitaka kusema tutoke, sema, ni haki yako, na nchi si gereza. Ila kabla hujasimama, tembea kwanza. Nenda Katumba ukawasikilize wenzetu walioingia nchi hii wakikimbia vita, wakalima, wakawa ndugu zetu, ambao bado wana shangazi ng'ambo ya mpaka. Ongea na madereva wanaopeleka mpunga wetu ziwani. Uliza nani kaoa wapi, maana mipaka ya ramani ni mistari lakini mipaka ya watu inapita jikoni. Halafu useme na kesho yake. Hoja isiyokuwa na kesho yake ni kelele, hata ikipigiwa makofi.

Na mgeni asiwe mzaha wako. Gombana na sheria, gombana na wakubwa, gombana na foleni za mpakani, lakini usimfanye jirani awe kicheko, kwa sababu siku ya kupatana, na itafika, utakuwa na uso gani wa kumtazama? Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ugomvi wa majirani hauna umri mrefu; matusi ndiyo yanayoishi.

Mimi ukiniuliza leo, nakujibu bila kigugumizi. Ningebaki, nikagombana nikiwa ndani, siku zote, kwa sauti kubwa, mpaka mahindi yapite. Mlango ukishaufunga, hata ukiwa na haki unapiga kelele peke yako. Lakini hiyo ni kura ya bibi. Wewe piga yako, ila uipige ukiwa umewatazama usoni watu itakaowafikia.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye nguvu na moyo unaoutangulia. Akujalie majirani wa kugombana nao na kupatana nao. Mavuno yako yapite kila mpaka, na wajukuu zako, popote watakapozaliwa, wakukimbilie wakikuona. Nenda na amani.