Farasi wa Mama Jayanti

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mjini Meru, katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka waasi wa msituni, baba yangu alikamatwa kwa ajili ya farasi wa kitambaa. Ninaeleza nilivyoona, ambapo sikuwepo nitasema.

Baba alikuwa fundi cherehani. Aliketi na mashine yake kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja, ambaye mkewe tulimwita Mama Jayanti kwa jina la mwanawe. Jayanti alikuwa ameugua homa ya matumbo hadi wakakata tamaa, na mama yake akaweka nadhiri kwa Ramdev Pir, mungu wa ukoo wao, ambaye husemekana hupanda farasi. Mtoto akipona, yeye angefunga kila Bij, yaani siku ya pili ya mwezi mpya, bila kula wala kunywa mpaka auone mwezi kwa macho yake. Tena angemtolea farasi mweupe wa kitambaa, kama ilivyo desturi yao. Jayanti alipona. Baba akamshona farasi kwa kitambaa cha marekani, akamjaza pamba. Alikuwa na ukubwa wa paka.

Jumatatu baba alimbeba kuja naye nyumbani ili amtie macho kwa uzi mweusi. Njiani askari wa gadi, wenyeji waliopewa silaha na serikali, walikifungua kikapu chake. Haya alinisimulia mwenyewe.

"Hii mbuzi gani haina pembe?"

"Si mbuzi. Ni farasi."

"Farasi ya nani?"

"Ya mungu ya Wahindi."

"Mungu ya Wahindi anapanda pamba!"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Siku hizo kitu chenye umbo la mnyama ambacho kazi yake haikueleweka kilihesabiwa kuwa kitu cha kulishia watu kiapo cha waasi. Wakampasua farasi tumbo kwa kisu. Hawakukuta kitu, na kutokukuta kitu hakukumsaidia baba. Alifungiwa kambini kwao. Lori la kuwapeleka wafungwa kambi za mbali lilikuwa lije Alhamisi asubuhi, na katika waliopanda lori hilo hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

Jumanne mama alikwenda dukani. Mwenye duka alisema hawezi kujiingiza, duka lake lingefungwa. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, akisikiliza. Lakini Jumatano mchana alifika kwetu kwa miguu, pindo la sari limejaa vumbi.

"Mama Kagendo," alimwambia mama, akimwita kwa jina langu, "leo Bij. Mimi nataka farasi yangu. Twende."

Kambi ilizungukwa na mtaro uliochomekwa miti iliyochongwa. Mkubwa wa gadi, Mmeru mwenzetu, alitoka nje na kikombe cha chai mkononi. Mama Jayanti akamweleza kila kitu kwa Kiswahili chake cha dukani: ugonjwa, nadhiri, farasi, fundi. Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akaagiza kikombe cha pili.

"Kunywa, mama. Jua ni kali."

"Leo hapana. Mpaka naona mwezi."

"Hata maji?"

"Maji pia hapana."

Mkubwa akatabasamu kama mtu aliyepata mchezo. "Haya, kaa hapo tuone."

Akakaa chini karibu na lango, nasi kando yake. Kufikia saa kumi midomo yake ilikuwa imepauka. Jua likashuka nyuma ya mawingu ya upande wa mlimani, na mawingu hayakuondoka. Saa ya kutotembea nje ilikuwa inakaribia, na askari walishachoka na mchezo huo. Mmoja wao, mnene, akanyoosha kidole.

"Ule pale, mama! Umetoka! Kunywa sasa uende."

"Hata mimi nimeuona," mama akasema haraka. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo. Nami nikasema nimeuona.

Mama Jayanti akaangalia kidole kilikoelekea, kwa muda mrefu.

"Hapana mwezi," akasema. "Ninyi nahurumia mimi, najua. Lakini mimi nadanganya juu ya mwezi, bwana mkubwa atasadiki mimi vipi juu ya fundi?"

Mkubwa alikitazama kikombe kilichopoa, akasema, "Nendeni nyumbani kabla ya firimbi." Hakuahidi kitu.

Njia nzima mama alilia. Aliniambia kwa hasira kwamba mwanamke yule angekunywa tu, baba angekuwa huru. Sasa ukaidi wa Wahindi umemuua. Mama Jayanti alirudi kwake bila kula wala kunywa.

Alhamisi tulisimama kando ya barabara. Lori likapita, nikawahesabu waliokuwa nyuma, uso baada ya uso. Baba hakuwamo. Alikuja baadaye kwa miguu, amembana farasi kwapani, tumbo limeshonwa. Mkubwa alikuwa amempa sindano na uzi. Alikuwa amempa na maneno pia: "Yule mama angekunywa jana, leo ungekuwa ndani ya lori."

Jioni hiyo mawingu yalifunguka. Nyuma ya duka tukauona mwezi, mwembamba bado. Mama Jayanti akamsimamisha farasi mbele ya taa, akafumba macho, kisha akanyoosha mkono, na mama akampa bilauri ya maji. Wakati huo si Wahindi wengi waliokubali maji kutoka mkononi mwa Mwafrika. Akayanywa yote.

Sijui kama Ramdev Pir aliijua njia ya Meru, na mama hakuwahi kusema kwamba alimwamini. Ninachojua ni kwamba mimi na mama, tuliompenda baba kuliko watu wote, tulisema uongo ili tumwokoe, na uongo huo ungekubaliwa tungempoteza. Aliokolewa na mwanamke mwenye kiu aliyeogopa kumdanganya mungu wake. Mama alikiri hivyo kabla sijamaliza shule, mara moja tu, akiwa anachambua maharagwe.

Baba aliishi miaka thelathini na mmoja zaidi. Wadogo zangu watatu walizaliwa katika miaka hiyo.