Mtoto Asiyetaka Kubebwa

Binti yangu wa kwanza hakutaka kubebwa. Watoto wengine wa kijijini kwetu, juu ya Lushoto, walikulia migongoni mwa mama zao. Yeye nikimfunga kwa kanga alijikaza kama ubao, akalia mpaka nimfungue. Sweta la sufu alilivua hata katika baridi ya Julai. Tarumbeta zikipigwa kanisani aliziba masikio akatoka mbio, nami nyuma yake.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimeanza shamba la pamoja. Sisi akina mama tuliwaacha watoto kwenye nyumba moja ya udongo, wakiangaliwa na mlezi, tukaenda kulima maharage. Baada ya muda mfupi mlezi aliniita pembeni.

"Mama, simkatai mtoto. Lakini ni mkubwa sasa, na bado anajichafua. Wenzake wanamcheka. Mfundishe choo kwanza, halafu umrudishe."

Kumfundisha ndiko kulikonishinda. Choo chetu kilikuwa kibanda cha magogo nyuma ya migomba, na tukiukaribia mlango wake tu alianza kutetemeka, macho kwenye lile shimo. Mume wangu, aliyekuwa karani Muheza na kuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, akaleta poti la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu. Nilimkalisha. Aliruka kana kwamba limemchoma, akakimbilia stoo.

Mama mkwe wangu ndiye aliyemfuata. Alirudi akanishika mkono, tukachungulia. Mtoto alikuwa amejibana katikati ya magunia mawili ya mahindi, ametulia, macho yamelegea.

"Unaona?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu hachukii kushikwa. Anachukia kuguswaguswa. Mshike kwa nguvu, mwanangu, kama magunia yanavyomshika."

"Na poti je, mama?"

"Poti ni la baridi. Hata mimi nisingelikalia."

Tukaanza hivyo. Asubuhi, ukungu ukishapanda, mama mkwe alilianika poti barazani mpaka lipate joto, na ukingo wake akauviringishia vitambaa vya kanga kuukuu. Mimi nilikaa chini nyuma ya mtoto, nikambana kwa magoti na mikono yote miwili, kifua changu mgongoni mwake. Mwanzoni alichomoka. Sikumkimbilia, alirudi mwenyewe. Halafu asubuhi moja nilihisi mabega yake yakishuka. Aliegemeza kichwa chini ya kidevu changu, akaniachia uzito wake wote. Sikuwa nimewahi kuupata uzito huo akiwa macho. Nilikuwa naimba kwa kuguna, bila maneno, naye akaanza kuguna pia. Nikasikia mkojo ukigonga bati.

Mama mkwe alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka masikio ya mtoto. Alijiziba mdomo kwa kiganja akacheka, machozi yakimtoka.

Msimu mzima wa maharage tulikaa hivyo. Kuna siku alimaliza haja yake na bado hakuinuka, nami sikumharakisha, ingawa wenzangu walikuwa wakiniita njiani, majembe begani.

Kisha akajua. Alilichukua poti mwenyewe, akaliweka palipo na jua, akakaa. Nilipokaa nyuma yake akaiondoa mikono yangu. Hakuwa na hasira. Aliiondoa tu, kama mtu anavyojifunua shuka kukicha.

Mlezi akampokea tena. Mume wangu alipokuja alifurahi mno. "Umeweza, mke wangu," akasema. Nilitabasamu, nikaenda jikoni, nikalia. Mama mkwe akanikuta huko.

"Nini tena, mwanangu?"

"Hanihitaji tena kumshika."

Alivuta kigoda akakaa karibu yangu, tukamenya viazi.

Sasa binti yangu ni mtu mzima. Nyumba yake iko chini kidogo ya kwangu, na kabichi zake wachuuzi wa soko la Lukozi huzifuata wenyewe shambani. Maneno yake ni machache. Kila asubuhi huniamkia shikamoo akiwa amesimama mbali kidogo, nami huitikia marahaba nikiwa nimekaa, mikono mapajani. Najua ananipenda, maana hakosi kuja. Alivyo ndivyo nilivyomwombea awe, mtu wa kujimudu. Hata hivyo ipo hamu moja isiyoniisha, ya kumkumbatia mpaka achoke yeye, na sijawahi kumwambia.