Nambari ya Mbae

Uchovu wa Teresia haukuwa wa kulala ukaamka umeisha. Tangu amzike Mbae, mumewe, msimu wa kuvuna ndengu, alikuwa akichemsha chai asiyoimaliza, akifunga mlango wake hapo Siakago na kwenda kuilinda kompyuta ya hospitali ya misheni. Ndiyo iliyowaunganisha madaktari, manesi na watu wa dawa. Wengi walidhani ni kazi ya maajabu. Yeye alijiona bawabu tu: anaingiza wageni, anatoa walioondoka.

Na Mbae alikuwa mfamasia wa hospitali hiyo hiyo. Ndiyo sababu metroni alimwita tena ofisini.

"Mama Wanjugu, pole, lakini akaunti ya marehemu bado iko wazi. Mtu akijua paswadi yake si atajiandikia dawa? Itoe leo. Na huyu Makandi mpya wa famasi umpe yake."

"Nimesikia, metroni," Teresia alijibu.

Kusikia alikuwa amesikia zamani. Mkono ndio uliokataa.

Faili la watumiaji halifunguliwi ovyo, na kwa hilo Teresia alikuwa mkali. Kwanza unatoa nakala. Kisha unalifungua kwa amri inayolifunga nyuma yako, mwingine asiweze kulirekebisha wakati huo huo, maana wawili wakiandika pamoja, wa mwisho kuhifadhi humfukia mwenzake. Ndani kila mtu ana mstari wake, jina na nambari. Paswadi zinakaa katika faili la pili, zimesagwa zikawa unga. Hata Teresia hawezi kuzirudisha kuwa punje.

Akafuata yote hayo. Akaufuta mstari wa Mbae haraka, akaufuta na ule wa paswadi. Ikabaki nambari isiyo na mwenyewe. Kwao mzee akifariki, jina lake hupewa mjukuu anayezaliwa, na hakuna anayesema limeibwa. Akaitazama nambari ile, akaona ni huruma kuiacha ikae bure. Akampa Makandi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo ulimtulia kidogo, maskini, akahifadhi na kufunga.

Kabla ya chakula cha mchana Makandi alibisha hodi. Alikuwa msichana wa Ruiri, mpole, hajazoea joto la huku chini.

"Madam, kuna kitu sielewi. Nikifungua mafaili ya famasi, naona kila kitu ni changu. Hata ya elfu mbili na nne. Na mimi hiyo time nilikuwa fom wani tu."

Teresia akageuza kiti, akatazama. Chati za dozi za watoto, orodha za dawa zisizochanganywa, miaka yote ya Mbae, na kando ya kila moja jina la mwenye kazi: Makandi. Kompyuta haijui majina. Inagonga muhuri wa nambari, halafu inauliza nambari hii ni ya nani sasa. Teresia alilijua hilo. Aliwahi kuwafundisha wengine wasirudie kamwe nambari ya mtu aliyeondoka. Leo uchovu ulikuwa umemla akili.

"Nimemfuta," alisema.

"Nani? Huyu aliandika chati ya dozi? Manesi wote hutumia hiyo. Nilikuwa nataka kumwuliza kitu."

"Ni bwanangu. Hayuko tena."

Makandi akasema, "Pole, mama," na Teresia alipomwagiza atoke kwenye akaunti ile, akaenda kufanya hivyo.

Teresia akatoa nakala, akalifungua faili tena kwa amri ile ile, akairudisha mistari ya Mbae kutoka nakala ya kwanza, kama ilivyokuwa. Akampa Makandi nambari mpya ambayo haikuwahi kuwa ya mtu. Ikabaki amri ya metroni, na metroni hakukosea: mlango ule haungeachwa wazi.

Hakufuta. Alitia nyota moja tu mbele ya paswadi iliyosagwa. Kwa nyota hiyo hakuna neno litakalokubaliwa, hata lile la kweli. Na nyuma yake neno la Mbae likabaki, alilolichagua mwenyewe. Teresia aliwahi kumtania wakila amtajie. "Kazi ni kazi, Tere," Mbae alimjibu, akaendelea kula. Angekuwa hai leo asingeweza kuingia, na aliyemfungia ni mkewe.

Akafungua mafaili ya famasi. Mbae, Mbae, Mbae, hadi chini. Hapo akalia, mlango uko wazi, wala hakujali nani anapita.

Metroni alimkuta akipangusa uso.

"Umemtoa?"

"Nimemfungia mlango, metroni," alisema Teresia. "Kumtoa siwezi."