Mgeni wa Saa Nane

Kinu alipewa jina hilo kazini, na lile la kwenye kitambulisho alibaki kulijua mlinzi wa getini peke yake. Alikuwa mfupi, mpana wa nyonga, na akishasimama mbele ya tanuri hakuna aliyeweza kumsogeza. Alikuwa amechoma mikate zamu ya usiku kwa miaka kumi na mmoja. Mume alishakwenda zake bila kuacha hata soksi, na Kinu hakumsema kwa mabaya wala kwa mazuri. Alikuwa na binti wa miaka minane, chumba kimoja kilichotazamana na karakana ya baiskeli, na kitanda kimoja walichokitumia kwa zamu: mtoto usiku, akiangaliwa na mama yake mkubwa wa mlango wa pili, na mama mchana.

Sasa sikia balaa lenyewe. Kila siku saa nane mchana, jua kali na mafundi baiskeli wakigonga vyuma vyao, Kinu aliamka akiwa amekaliwa. Macho yalikuwa wazi. Aliiona dari, aliliona pazia, aliziona nguo zake za kazi kwenye msumari. Ila mwili haukuwa wake. Juu ya kifua palikuwa na uzito wa mtu mzima, na mtu mwenyewe haonekani. Pumzi iliingia kwa kuibia. Kisha, baada ya muda asioweza kuukadiria, uzito ulishuka, na godoro likainuka taratibu mahali palipokuwa pamebonyea.

Jinamizi kila mtu analijua na kila mtu ana dawa yake. Dada yake alimwambia ni uchovu. Daktari wa zahanati naye alimwambia ni uchovu, ila kwa maneno marefu. Msimamizi wa kiwanda alimshauri alale kifudifudi. Alipolala kifudifudi alikaliwa mgongoni, na sasa hata dari hakuiona. Basi akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, na angeendelea kuzoea kama si mtoto.

Jumatatu moja mtoto alirudi shuleni mapema, akamkuta mama yake ameketi kitandani anatweta. Alivua viatu, akavipanga, akajimiminia maji.

"Mama," alisema, "yule anayekukalia leo amenitazama."

Kinu alimgeukia. "Yupi?"

"Yule. Siku zote huwa anakutazama wewe tu."

"Kumbe huwa unamwona?"

"Nikiwahi kurudi." Mtoto alimaliza maji yake kwanza. "Leo ameniangalia hivi, kama anapima."

Hapo Kinu aliogopa. Kukaliwa yeye aliweza kuvumilia, maana mwili alikuwa nao. Lakini mtoto yule mbavu zake unazihesabu akivua shati. Uzito ule ukimpanda siku moja tu, hataamka. Kesho yake alifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: aliamua kwamba ubaya uko kwenye godoro, akaenda kutafuta jingine.

Fundi magodoro alikuwa na karakana yake nyuma ya soko. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na masikio yake yote mawili yalikuwa yamekunjamana kama donge la unga lililokandwa na mtu mwenye hasira. Kinu aliyatazama kwa jicho la kazi, akajizuia kuuliza.

"La zamani lina shida gani?" aliuliza fundi.

"Lina mtu," alisema Kinu, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamweleza yote, akisubiri kuchekwa.

Fundi hakucheka. Aliweka mkasi chini, akauliza swali ambalo dada, daktari na msimamizi hawakuwahi kulifikiria.

"Magoti yake yanakaa wapi?"

Kinu alifikiri, kisha akagusa chini ya makwapa yake. "Moja huku, moja huku."

"Na uzito? Tumboni au kifuani?"

"Kifuani. Juu kabisa."

"Basi anajua kukaa," alisema fundi. "Godoro jipya halitakusaidia, dada yangu. Vua viatu upite huku nyuma."

Huko nyuma palikuwa na ukumbi, na sakafu yote ilitandikwa magodoro magumu, membamba, aliyoyashona mwenyewe ukuta kwa ukuta. Watu saba au wanane waliovaa makoti mazito ya pamba walikuwa wakibingirishana kimya kimya. Ilikuwa jujitsu, mieleka ya kukabana na kujinasua chini, bila ngumi wala teke, na ndiyo iliyomkunja fundi masikio. Fundi aliifundisha kwa mtindo wake. Kwingine mwanafunzi huanza kwa kufundishwa kumwangusha mwenzake. Kwake, mgeni alilazwa chali siku ya kwanza, akakaliwa, na akabaki huko chini kwa miezi. "Kwangu mtu huanza akiwa chini," alizoea kusema. Na sheria ilikuwa moja tu: ukizidiwa, gonga mara mbili kwa kiganja, popote, na aliye juu anakuachia papo hapo. Akichelewa, anaonyeshwa mlango na harudi tena.

Mke wa fundi, mwanamke mwembamba utadhani angepeperuka, alimkalia Kinu kifuani. Kinu nusura alie. Uzito ulikuwa uleule.

"Haya, nisukume," alisema mke wa fundi.

Kinu alinyoosha mikono akasukuma. Kufumba na kufumbua, mmoja ulikuwa umenaswa na kiwiko kinakunjwa kusikokunjika. Akagonga mara mbili, akaachiwa.

"Umeona kwa nini huku hatusukumi?"

"Nimeona, wifi," alisema Kinu, akijishika kiwiko.

Akawa anakuja kila alasiri aliyoweza. Alijifunza kubana viwiko mbavuni na kuvuta pumzi fupifupi. Alijifunza kujikunja na kurudisha kiuno nyuma mithili ya uduvi, mpaka goti lipate upenyo wa kuingia. Alijifunza na kupindua: unamnasa aliye juu mkono na mguu wa upande mmoja, asiwe na pa kujiegemeza, kisha unainua nyonga na kubingirikia upande huohuo. Nyonga alikuwa nazo za kutosha. Mwezi wa tatu alimpindua muuza vyuma chakavu wa kilo mia na ushee, ukumbi mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko, na muuza vyuma akaomba apinduliwe tena ili aelewe kilichompata.

Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa yaleyale.

"Siwezi kusogeza chochote, Fundi. Chochote kile."

"Hata kidole cha mguu?"

"Labda kidole."

"Basi usitake kutoka. Taka kidole tu."

Alitaka kidole kwa siku tisa. Siku ya kumi, gumba la mguu wa kulia lilijikunja, kisigino kikafuata, na Kinu akausikia uzito ukishtuka. Alifurahi mpaka akaimba kazini. Kesho yake saa nane alikuta miguu yake imenaswa kwa miguu mingine, imezungushwa kwa ndani, visigino vimekazwa vizuri kabisa.

Fundi alikuwa anashona alipopewa habari hiyo. Alitoa uzi mdomoni. "Kufunga miguu namna hiyo nimewafundisha Jumamosi."

"Ndiyo."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, Fundi."

Ikawa hivyo wiki tatu. Kila alichojifunza Kinu, mgeni wa saa nane alikuja na kizuizi chake, tena safi, bila kukosea. Aliyejua mgeni huyo anajifunzia wapi ni mtoto, ambaye siku za mazoezi alikaa kwenye benchi na daftari lake.

"Si huwa anakuja na sisi," alisema bila kuinua kichwa. "Anakaga pale."

Alionyesha kwa penseli rundo la magodoro mapya kwenye pembe. Godoro la juu kabisa, ambalo hakuna aliyelifikia bila ngazi, lilikuwa na bonde katikati. Wote walilitazama. Muuza vyuma akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumjulia hali.

Fundi alimsindikiza Kinu mpaka nje, barabarani, kwenye kelele za magari, ndipo akasema. "Nilicho nacho chote anakiona. Huna kitu ambacho hukukipata kwangu?"

"Mimi najua unga, Fundi. Zaidi ya hapo sijui kitu."

Alhamisi mtoto hakwenda shule kwa sababu ya kikohozi. Dada alikuwa ametoka, kwa hiyo mtoto alilala upande wa ukutani na Kinu akalala kwa nje, akiwa amejiapiza kukesha. Miaka kumi na mmoja ya zamu ya usiku haina mzaha, usingizi ukamchukua.

Alifumbua macho saa nane. Nje vyuma vilikuwa vinagongwa. Godoro lilibonyea miguuni, likabonyea pajani, goti moja likapanda kifuani pake, naye akalisubiri la pili. La pili halikuja. Lilipita juu yake likatua upande wa pili, kati yake na mtoto. Mtoto alikohoa, na kikohozi kikakatikia njiani.

Kinu hakutafuta kidole. Hakutafuta viwiko wala uduvi wala chochote cha ukumbini. Kiwandani mashine ya kukandia ilikuwa ikiharibika kila mwezi, na hapo wanawake walikanda kwa mikono, donge la kilo thelathini na zaidi. Donge la namna ile haligeuzwi kwa kusukumwa. Unalikumbatia, unalivuta likulalie, unaliacha lianguke kwa uzito wake lenyewe, halafu unakwenda nalo. Mikono ya Kinu ilikuwa imefanya hivyo hata akisinzia, usiku baada ya usiku, na sasa ilijiendea. Ililikumbatia lile zito lililokuwa likimwinamia mwanawe, ikalivuta, likarudi lote juu ya kifua chake. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Lile zito likafuata pumzi, likaanguka mbele, na Kinu akainua nyonga akaenda nalo.

Alipotulia alikuwa juu.

Chini yake palikuwa na kitu baridi, laini, chenye mbavu. Macho yake yaliona shuka tu, na shuka ilikuwa imebonyea kwa umbo la mgongo na kichwa. Alipandisha magoti mpaka makwapani, akaingiza mkono wa kushoto chini ya kichwa kile, akakaa. Ndipo akaguswa ubavuni, kwa kiganja, mara mbili.

"Nikuachie uende wapi?" alisema Kinu.

Akaguswa tena, mara mbili, kwa nguvu ndogo kuliko ya kwanza. Aliongeza uzito. Hasira ya miezi ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na ukweli ni kwamba alipapenda pale juu.

Mtoto alikuwa ameketi, mgongo ukutani, anahema vizuri. "Mama, amegonga."

"Nimesikia."

"Mbona hushuki?"

"Nikishuka atakuja kwako."

Mtoto aliinama, akatazama chini ya mama yake kwa muda. "Umemkalia juu kabisa. Hapumui." Kisha akasema, kama mtu anayemkumbusha mwingine jambo la kawaida, "Amegonga, mama. Ukichelewa unafukuzwa."

Kinu alitazama magoti yake yalikokaa. Alitazama mkono wake ulikopita. Hakuna aliyemfundisha kukaa hivyo. Alikuwa amejifunza akiwa chini, kwa mwaka mzima, kila siku saa nane. Akaondoa mkono, akashusha goti moja, kisha la pili, akasimama sakafuni.

Shuka ilibaki imebonyea kidogo, ikapanda na kushuka mara tatu. Kisha godoro likainuka taratibu. Mtoto alifuata kitu kwa macho mpaka mlangoni.

"Ameenda?" aliuliza Kinu.

"Ameenda. Alikuwa anajishika hapa," mtoto akagusa kifua chake.

Ijumaa Kinu alilala mpaka saa kumi na moja jioni, usingizi mzito kiasi kwamba dada yake alikuja kumtikisa akidhani amekufa, na baada ya kumkuta hai akamgombeza kwa kumtia hofu.

Jumamosi ukumbini fundi aliwapanga wawiliwawili. Walikuwa tisa. Kinu alibaki bila mwenzake, mwisho kabisa, karibu na rundo la magodoro. Aliinua macho: lile la juu lilikuwa limenyooka, halina bonde. Halafu akaona godoro la sakafuni mbele yake. Lilikuwa limebonyea mahali pa visigino, mahali pa makalio, mahali pa mabega na pa kichwa. Mtu alikuwa amelala chali, anangoja.

Fundi naye aliliona. Akahesabu watu wake kwa kidole, akafika mwisho, na kidole hakikusimama kwa Kinu. "Kila mtu ana mwenzake," alisema. "Wageni chini."

Kinu alimtazama mwanawe pale kwenye benchi. Mtoto alikuwa anachonga penseli, hana wasiwasi wowote. Basi Kinu akapiga moyo konde, akapiga magoti, goti huku na goti huku, akayaweka chini kidogo, mbali na makwapa, na uzito mwingi akaubakiza kwenye miguu yake mwenyewe.

"Bana viwiko," alisema. "Usinisukume. Sasa vuta pumzi, kidogokidogo."

Chini yake, mbavu zikafunguka.