Baiskeli Iliyolia Ukutani

Kabla uniite mwongo, soma mpaka mwisho.

Voi, mwaka wa 1984. Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani, haijaguswa na mtu, na ilikuwa inalia.

Tik.

Kimya. Halafu tena, tik.

Ndunge ndiye alisikia kwanza. Alikuwa amemletea chakula kakake Nzomo, fundi wa baiskeli pale karibu na stesheni.

"Kaka, hiyo kitu yako inalia."

"Ni joto la Voi. Hata mabati yanalia."

Ndunge hakucheka. Baiskeli ilikuwa ya mchumba wake, Danson, kijana wa Wundanyi. Jumamosi Danson angeingia mashindano ya kuteremka zile kona zote za Wundanyi mpaka Mwatate, halafu Voi. Kwa mteremko ule, breki zikikataa, watu wanaenda kuita mamako.

Sasa Nzomo alikuwa fundi wa kujisikia. Na mkono alikuwa nao, tusimwonee. Baiskeli za siku hizo zilikuwa chuma tupu.

"Shemeji, wenzako watabeba chuma," alimwambia Danson. "Wewe nitakupunguzia."

Akaamua kuchonga mikono ya breki kwa plastiki.

Plastiki alikuwa nazo mbili, zote skrepu, mabaki ya kiwandani. Moja ilikuwa nailoni, gia kuukuu yenye rangi ya mshumaa mchafu. Ya pili ilikuwa bamba nene lililokuwa linakinga mashine, linaonyesha ng'ambo kama kioo.

Alizipiga nyundo zote mbili mbele ya watu. Hakuna iliyovunjika. Lakini alipozikunja, nailoni ililegea kidogo, na ile ya kioo ikakaa ngumu.

"Breki ya kupinda ni ya nini?" Nzomo akasema, akaitupa nailoni chini ya meza.

Akachonga, akatoboa, akapiga nyundo tena. Nyundo ikaruka. Watu wakapiga makofi.

Kisha akafanya alichofanyia kila kitu maishani kabla ya kukifunga. Babake alimfundisha hivyo, kwamba kitu hakifungwi kichafu. Akaichovya mikono ile kwenye mkebe wa petroli, akaisugua mpaka ikang'aa. Akafunga nati, akakaza mpaka basi.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ikaanza kulia.

Ijumaa Nzomo aliona mstari kando ya nati, mwembamba kama unywele. Akaupangusa na petroli. Mstari haukutoka.

"Ni mkwaruzo tu," akajiambia.

Aliogopa, huo ndio ukweli. Lakini mtaa mzima ulikuwa umeona nyundo ikiruka, sasa angewaambia nini? Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi Danson alikuwa anaongoza. Kona ya tatu akavuta breki. Mkono wa breki wa kulia ukabaki kiganjani. Akavuta wa kushoto, nao ukaja.

Woi! Baiskeli waliikuta kwa miti. Danson alikuwa chini zaidi, kwa mawe.

Nzomo aliposikia alikimbia mpaka kwa karakana, akachukua kipande cha ile plastiki kilichobaki, akakipiga nyundo mara kumi. Hakikuvunjika! Watu walishaanza kunong'ona kwamba Danson amerogwa, na yeye karibu aamini.

Kisha macho yakaangukia mkebe wa petroli.

Akatoboa kile kipande, akakaza nati, akakichovya. Akaketi kukitazama.

Tik. Mstari ukaanza kutambaa kutoka kwa nati.

Akaokota nailoni chini ya meza, akaifanyia vivyo hivyo. Alingoja mpaka jua likazama. Haikusema kitu.

Haikuwa uchawi. Ilikuwa ni ule usafi wake mwenyewe.

Utauliza nimeyajuaje yote haya. Aliniambia Nzomo mwenyewe, amepiga magoti kando ya kitanda changu hospitalini, analia kama mtoto, na mimi mguu mmoja haupo.

Danson ni mimi.

Nilitaka kumlaani. Ndunge hakumsemesha kakake mwaka mzima, hata siku ya harusi yetu alimpita kama mti. Mpaka Nzomo akaja mlangoni na gongo la kutembelea alilonichongea. Chini yake alikuwa ameweka kiatu cha nailoni, kutoka kwa ile gia ya rangi ya mshumaa mchafu.

"Hii nimeijaribu kwa kila kitu," akasema. "Hata kwa petroli, mambo yangu mimi."

Gongo nimebadilisha mara nne. Kiatu ni kile kile.

Ndugu yangu, usipime kitu kwa nyundo ya kufurahisha watu. Kipime kwa yale utakayokifanyia kila siku bila kufikiria. Na ukiambiwa kinalia, wacha kazi usikize.

Ndunge wangu mpaka leo, kitu chochote kikisema tik ndani ya nyumba, anaweka sufuria chini na kwenda kukitafuta.