Katibu wa Mazishi

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa na vyeo vingi kuliko waziri. Rais wa klabu ya midahalo, kapteni wa netiboli, mhariri wa jarida la shule lililotoka mara moja tu, na mara hiyo karatasi zikaisha kwenye mashine. Mwalimu aliyesimamia maombi yetu ya chuo alisema vyuo vikubwa vinataka uongozi, na hamu yangu ya kusoma sheria kwenye chuo kikubwa ilizidi hata hamu ya kula. Basi nikagombea kila kilichokuwa na kiti. Kazi zenyewe walifanya manaibu.

Mama yangu ni Mzanzibari wa Wembley, London, na kwake kazi isiyo na sahani za kuosha si kazi. Alinisikiliza, akasema, "Unatafuta uongozi? Chama cha mazishi hakina katibu. Yule aliyekuwepo kahamia Leicester."

Nikadhani ananitania. Ijumaa nikakabidhiwa daftari, simu yenye kioo kilichopasuka na funguo za stoo ya masufuria. Wazee walisema Kiingereza changu ni kizuri, yaani nitaweza kubishana na ofisi ya makaburi. Cheo hicho sikukiandika kwenye fomu ya chuo. Nani anajisifu kwa maiti?

Desemba chuo kikaniita kwenye usaili wa mtandaoni, Jumatano saa tano asubuhi. Jumapili kabla yake akafariki bibi mmoja wa Kilburn, mwenye mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Jumanne asubuhi karatasi za kifo zikakamilika, nikaipigia simu ofisi ya makaburi. Walikuwa na nafasi mbili: leo saa tisa, au kesho saa sita mchana. Mwenyekiti wetu alikuwa ametoka zamu ya ulinzi kwenye uwanja wa mpira, amelala fofofo, simu hapokei. Kesho maana yake sebule yetu itajaa kinamama tangu alfajiri, nami mbio huku na huku na simu mbili, usaili wangu unapita. Nikasema leo.

Mtoto wa marehemu akapiga simu kutoka Dubai. "Mwanangu, ningojeeni. Ndege nimeshapata, kesho saa moja asubuhi natua."

"Ami, maiti haicheleweshwi. Ndiyo dini yetu," nikamwambia, mimi ambaye kwa sala ya alfajiri huamshwa kwa kumwagiwa maji.

Akalia. Mtu mzima analia sikioni mwangu, nami natazama saa. Kisha akanihamakia, akakata simu.

Tukamzika mama yake saa tisa.

Kesho yake wahadhiri wawili kwenye skrini wakaniuliza ni uamuzi gani niliwahi kuufanya kama kiongozi, ukamuumiza mtu. Nilikuwa nimejitayarishia netiboli, lakini kwenye netiboli mwalimu ndiye aliyeamua kila kitu, hata rangi ya soksi. Nikajikuta nawasimulia habari za ami, dini na machozi. Nilisimulia vizuri, shenzi mimi, sauti ikatetemeka pale pale penye kutetemeka. Nafasi ya saa sita sikuitaja. Mmoja wao akavua miwani.

Januari wakanikubali. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ami alikuwa bado yupo London, anafunga nyumba ya mama yake. Akasikia habari, akaja kunipongeza na boksi la tende. Alikaa ukingoni mwa kochi letu, koti hakuvua.

"Siku ile nilikuhamakia, mwanangu. Nisamehe," akasema. "Mlimsitiri mama yangu wakati mimi sipo." Akanisogezea boksi la tende. "Kesho yake saa tatu nilishafika kaburini. Udongo bado mbichi. Nikasema, labda mchana ule nafasi haikuwapo. Au ilikuwapo?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na ninavyoandika hapa naiona tena. Mama alikuwa jikoni. Hakuna aliyejua ila mimi na karani wa makaburi.

"Haikuwapo, ami," nikamjibu, nikammiminia chai.